Wenyeji wa Tope la Gazi

Kidonda kilichomuua Zahoro hakikuzidi urefu wa ukucha. Alikanyaga kombe la chaza akitengeneza daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ya Gazi, akaufunga mguu kwa kitambaa, akaendelea kupigilia misumari mpaka adhuhuri. Siku ya tano mguu ulivimba ukawa kama gogo. Siku ya kumi alikuwa hospitalini, na huko alibadilishiwa dawa mara tatu. Siku ya ishirini na mbili daktari kijana alimwita mkewe, Mwanafatuma, pembeni mwa wodi, akamweleza kwa upole kwamba kijidudu kilichoingia katika kidonda kile kilikuwa hakisikii dawa yoyote waliyokuwa nayo. Zahoro alikufa kesho yake, baada ya sala ya alasiri.

Watu wa Gazi walisema mengi. Wapo waliosema ni kadari ya Mungu, na Mwanafatuma hakuwapinga. Wapo waliosema amerogwa na mtu aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, wakamtajia mganga wa kumwendea. Hao aliwanyamazia. Yeye neno alilobaki nalo ni lile la daktari: hakisikii. Alilala nalo na kuamka nalo eda nzima, miezi minne na siku kumi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo huzuni yake ilivyogeuka hasira. Aliyemuua mumewe alikuwapo, yu hai mahali fulani, na yeye hajamwona hata sura.

Eda ilipokwisha alivaa buibui lake akaenda Msambweni, kwenye maabara ya mradi wa kuchunguza udongo. Mkuu wa maabara ile alikuwa Daktari Muzammil, ambaye hakuwa daktari wa kutibu watu bali wa elimu ya vijidudu. Mwanafatuma alimjua tangu utotoni. Walisoma chuo kimoja cha Kurani pale Gazi, na mama yake Muzammil alipokuwa akisafiri kwa biashara zake za Tanga, mtoto huyo alikuwa akila nyumbani kwa kina Mwanafatuma, sahani moja na watoto wa nyumba. Mpaka ukubwani alimwita dada.

"Nataka kukiona kilichomuua mume wangu," Mwanafatuma alimwambia.

Muzammil hakucheka, na kwa hilo alistahili shukrani. Usaha wa kidonda cha Zahoro ulikuwa umeletwa kwake kutoka hospitalini ili uchunguzwe, na mbegu ya kijidudu chenyewe ilikuwa imehifadhiwa katika friza. Alimwambia arudi baada ya siku mbili. Aliporudi, alimkalisha mbele ya hadubini. Mwanafatuma aliinama, akafumba jicho moja, akaona vijiti vidogo vya rangi ya waridi vimetawanyika kama punje za mchele zilizomwagika. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Kinakufa kwa nini?"

"Kwa sasa hatujui, dada."

"Basi nipe kazi."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kazi yenyewe ilikuwa kuchota matope. Muzammil alimweleza kwamba katika tope linalokaa kwenye ncha ya kidole mna viumbe wengi kuliko watu wa kaunti nzima ya Kwale, wa maelfu ya aina, na wengi wao hawajapata hata jina. Wanagombania chakula na nafasi, na wamejifunza kuuana kwa sumu zao wenyewe. Dawa nyingi zilizomo hospitalini zilitokana na vita hivyo. Mahali pasipochunguzwa bado, kama mikoko ya pwani ya kusini, huenda pana muuaji ambaye binadamu hajamwona.

Mwanafatuma aliijua mikoko kuliko mtu yeyote pale maabara. Alijua wapi unazama mpaka gotini na wapi unazama mpaka kiunoni, alijua tope la chini ya mti wa mchu lina harufu gani na la chini ya mti wa mkandaa lina harufu gani. Kabla hajachota kijiko kimoja, alikwenda kwa Jumwa, mwenyekiti wa kamati ya mikoko ya Gazi, mwanamke aliyeolewa hapo kutoka Kinango na kuheshimiwa na wenyeji kwa ukweli wake. Jumwa hakuwaamini watu wa maabara. Alitia sahihi mkataba wa kuruhusu uchotaji kwa sababu Mwanafatuma alisimama mbele ya kamati akasema kwa kinywa chake kwamba kheri yoyote itakayotoka katika matope yale itarudi Gazi.

Alichota miaka mitano. Hesbon, fundi wa maabara aliyetoka Busia, alimfundisha mengine yote: kuchemsha vyombo kwa mvuke, kumimina chakula cha vijidudu katika visahani kikaganda kama uji uliopoa, kupaka tope lililoyeyushwa, kungoja. Kila kilichoota alikijaribu dhidi ya kijidudu cha Zahoro. Ili afanye hivyo ilimlazimu kukilisha kijidudu hicho kila wiki, kukipasha joto, kukitazama kikinawiri. Hesbon alitaka kumpunguzia mzigo huo akakataa. Alisema yeye ndiye mwenye deni nacho.

Siku moja ya mwezi wa Shaabani, kwenye kisahani cha tope alilolitoa mahali paitwapo Kwa Dzombo, chini ya mkandaa mzee ulioinamia mkono mwembamba wa maji, aliona doa la kijivu limekaa peke yake, na kulizunguka pamekuwa peupe. Pale palipotakiwa kujaa vijidudu vya Zahoro hapakuwa na kitu. Palikuwa kama ua uliofagiwa. Kesho yake duara lile lilikuwa pana zaidi. Hesbon alimkuta amekisogeza kisahani dirishani, anakitazama bila kupepesa, akamuuliza kama yuko sawa. Alikuwa anakitazama kifo cha adui yake, na alifurahi furaha ambayo asingethubutu kumsimulia imamu.

Muzammil alipokiona alimkumbatia Hesbon, akampa Mwanafatuma mkono wa hongera. Kuanzia siku ile kila kitu kilikwenda mbio. Aliamuru Kijivu, kama walivyozoea kukiita, kitengwe kisafishwe kibaki peke yake. Sasa, pembeni mwa Kijivu kulikuwa na kitu kingine, doa dogo la njano, telezi kama kamasi. Mwanafatuma alikuwa na daftari la shule alilochoramo visahani vyake vyote, na katika kuchora alitambua jambo. Kijivu kikiwa karibu na Njano, duara lilikuwa pana. Kijivu kikihamishwa peke yake, duara lilipungua, na kila kikihamishwa tena lilipungua kidogo zaidi. Alimwendea Muzammil ofisini na daftari mkononi. Muzammil alikuwa anaandika, hakugeuza uso kutoka kwenye kompyuta.

"Dada, hiyo njano ni uchafu. Itupe. Kazi yako ni matope, haya mengine niachie mimi."

Njano ikachemshwa kwa mvuke pamoja na taka nyingine za siku hiyo.

Makala ya Muzammil ilipotoka katika jarida la ng'ambo, jina la Mwanafatuma halikuwamo. Hilo alilimeza. Lililofuata halikumezeka. Kampuni moja ya dawa ya nje, iliyokuwa na mwakilishi Nairobi aitwaye Cynthia, ilitaka kukiendeleza Kijivu, na katika karatasi alizopelekewa mwakilishi huyo iliandikwa kwamba tope lilichotwa katika shamba la Muzammil mwenyewe, bonde la maji matamu nje ya Msambweni. Gazi haikutajwa popote. Hesbon ndiye aliyemwonyesha.

Mwanafatuma alikwenda kumuuliza. Muzammil alimjibu kwa sauti laini kabisa. Alisema watu wa kijijini wangegombana tu, kwamba yeye atakuja kuwajengea madrasa mpya kwa njia yake, kwamba haya ni mambo ya makaratasi. Kisha akamsukumia karatasi moja, ushahidi wa mchotaji, atie sahihi kwamba alichota bondeni. Mwanafatuma aliirudisha karatasi mezani bila kuigusa kalamu.

Siku ya tatu, mlinzi wa langoni alipekua mkoba wake, akatoa humo chupa ya maabara ambayo yeye hakuitia. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa wizi. Na Muzammil hakuishia hapo. Alikwenda Gazi kumsalimu Jumwa, akamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba Mwanafatuma alikuwa akiyauza matope ya kijiji kwa siri. Wiki ile kulikuwa na arusi. Mwanafatuma alipoketi kwenye mkeka wa wanawake, Jumwa aliinuka akaenda kukaa mkeka mwingine, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, mpaka akabaki na sinia la pilau mbele yake peke yake.

Hakulia. Alikuwa amekwisha kumlilia mtu mmoja maishani, na hakuona Muzammil anastahili machozi ya aina ileile. Alirudi nyumbani, akalifunga katika leso lile daftari, ambamo peke yake mlikuwa mmeandikwa kila tope lilikotoka, akaliweka chini ya godoro. Akaanza kungoja. Alikuwa anauza mihogo ya kukaanga asubuhi, anafua nguo za wageni wa Diani mchana, na kila kazi aliyoifanya aliifanya huku anamwaza Muzammil. Alimwaza alivyo mbele ya watu, na shingo yake safi ndani ya kola. Alijua jambo moja asilolijua Muzammil, na alijua kwamba siku moja jambo hilo litamleta mlangoni.

Ilichukua miezi saba. Kwanza Hesbon alimpigia simu.

"Anti, ile kitu imenyamaza," alisema. "Inaota vizuri tu, lakini haiui. Duara hakuna kabisa. Bosi amechanganyikiwa."

Mwanafatuma alimuuliza kama wamejaribu kubadilisha chakula. Hesbon alisema wamejaribu kila kitu. Na sasa watu wa kampuni wanataka kuja wenyewe, wachote tope jipya mahali pa asili. Mwanafatuma alimshukuru, akamwombea heri, akakata simu. Angeweza kumwambia. Neno moja lingetosha.

Baada ya siku nne Muzammil alifika barazani kwake na kikapu cha tende na halua. Alimwamkia shikamoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata utotoni. Aliomba radhi kwa maneno mazuri yasiyotaja kosa lenyewe. Hatimaye akasema alikuwa anaomba aonyeshwe mahali pale palipotoka tope.

"Si bonde lako la Msambweni?" Mwanafatuma aliuliza.

Muzammil alitazama viatu vyake. Mwanafatuma alimwacha avitazame mpaka chai ikapoa, ndipo akamwambia atampeleka.

Alimpeleka kila mahali isipokuwa Kwa Dzombo. Bamvua la kwanza, maji yalipokupwa sana, walikwenda upande wa mashariki. La pili wakaenda upande wa mashamba ya chumvi ya zamani. La tatu na la nne wakarudia kulekule kwa njia nyingine, naye akidai kwamba mahali penyewe panabadilika. Muzammil alitambaa chini ya mizizi, akazama, akapoteza kiatu, akang'atwa na kaa. Alikuwa mtu wa kupuliza manukato kwenye kanzu, na sasa tope lilimwingia mpaka masikioni. Mwanafatuma alisimama juu ya mzizi mkavu akimwelekeza, "Hapo kushoto, chimba tena," na moyo wake ulistarehe.

Siku ya bamvua la nne Muzammil alikatwa na chaza kwenye kiganja. Aliinua mkono, damu ikamtiririka ikachanganyika na tope. Mwanafatuma aliitazama damu ile akajikuta anahesabu siku. Ya tano. Ya kumi. Ya ishirini na mbili. Kisha akashtuka, akamwambia akaoshe kwa maji ya moto na sabuni haraka. Kidonda kilipona kwa wiki moja, naye hakujua ashukuru au asikitike.

Matope yote yale hayakutoa kitu. Zilipobaki siku kumi wageni wafike, Muzammil alirudi barazani, safari hii bila kikapu. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mpango: Kijivu cha kwenye friza angekimwaga mwenyewe bondeni kwake, ili wageni wakikute pale na karatasi zake zisimame, halafu kunyamaza kwake angekutafutia maelezo baadaye. Lakini Kijivu ni kiumbe cha tope la chumvi, kikitiwa katika udongo wa maji matamu hakifiki siku mbili. Alihitaji magunia mawili ya tope la Gazi ayazike bondeni kwanza, na hangeweza kuonekana Gazi akibeba magunia.

Alimwomba yeye. Alimwambia, "Wewe ndiwe ndugu yangu niliyebaki naye."

Mwanafatuma alikubali bila masharti. Alikwisha kusikia kwa Hesbon kwamba wageni hawatakuja na visahani tu. Siku hizi wana njia ya kusoma vinasaba vya kila kiumbe kilichomo katika udongo, hata kile kisichoota, wakapata orodha nzima ya wakazi wake. Muzammil alijua njia hiyo ipo. Alikuwa amejiaminisha kwamba hakuna atakayejisumbua kuitumia. Mwanafatuma alichota magunia yake mawili asubuhi na mapema, kwenye ufuo wa chini ya nyumba, pale maji ya vyoo yanapochuruzikia wakati wa mvua. Akayafunga vizuri kwa kamba ya mnazi. Muzammil aliyazika kwa mikono yake.

Wageni walifika Jumatano. Cynthia alikuwa msichana wa Nairobi aliyevaa gamubuti, mchangamfu, mwenye kuuliza kila kitu, pamoja na wataalamu wawili wa kampuni. Walitaka mchotaji awepo, na Muzammil akamleta Mwanafatuma kwa gari lake. Walisimama wote bondeni, penye kibwawa na migomba, na upande mmoja ukiwa umelimwalimwa upya.

"Mama, hapa ndipo ulipochota?" Cynthia aliuliza.

Muzammil alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Mwanafatuma alimsikia akishusha pumzi.

"Mimi nilifukuzwa kazi kwa wizi, mwanangu," alisema. "Neno langu halina uzito. Yaulizeni matope."

Muzammil alicheka, akasema mama huyu ni mtu wa mafumbo, ndivyo walivyo watu wa pwani. Wale wageni walicheka pia. Cynthia hakucheka. Alimtazama Mwanafatuma kidogo, kisha akawaagiza wenzake wachukue vichupa kutoka pale palipolimwa, na vingine kutoka hatua moja kando, na vingine mbali zaidi, na vyote visomwe.

Wiki sita baadaye uliitishwa mkutano katika ukumbi wa maabara. Mkurugenzi wa mradi alikuwapo, Muzammil alikuwapo na suti yake ya kijivujivu, na kwa ombi la Cynthia walialikwa pia Jumwa na kamati nzima ya Gazi. Mwanafatuma aliketi kiti cha nyuma kabisa. Cynthia alieleza taratibu, kwa Kiswahili, ili kila mtu afuate. Alisema kila udongo una wenyeji wake, na wenyeji hao ni ushahidi kama alama za vidole. Pale palipolimwa walikuta viumbe wa maji ya chumvi, wale wanaokaa kwenye mizizi ya mikoko, katika bonde ambalo bahari haijawahi kufika. Walikuta na vijidudu vya matumbo ya watu, vya chooni, kwa wingi. Hatua moja tu kando hapakuwa na hata mmoja kati ya hao wote.

"Wenyeji hawa ni wageni hapa," alisema. "Kuna mtu amewaleta kwa gunia."

Mkurugenzi alimgeukia Muzammil akamwomba ajibu. Muzammil alifungua mdomo, kisha macho yake yakatembea safu kwa safu mpaka kiti cha nyuma. Mwanafatuma hakuyakwepa. Alikuwa amengoja kutazamwa hivyo kwa karibu mwaka mzima. Muzammil aliinuka akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Mwanafatuma alimfuata. Alimkuta nje ya ukumbi, ameegemea ukuta. Hakumtukana wala hakumlaumu kwa magunia. Mwanachuoni ni mwanachuoni, na hata siku ile kilichomchoma zaidi kilikuwa kingine.

"Nini kilichokosekana?" Muzammil aliuliza. "Kwa nini kilinyamaza?"

"Njano."

Hakuelewa.

"Ile njano telezi. Kijivu hakitoi sumu yake ila kikiwa karibu na mwenzake huyo. Nilikuletea daftari ukaniambia ni uchafu."

Aliona uso wake ukibadilika, kidogo kidogo, mtu anavyorudi nyuma katika kumbukumbu zake mpaka anafika pale alipokosea. Mwanafatuma alisimama pale mpaka akashiba. Kisha akarudi ndani.

Muzammil aliachishwa kazi mwezi ule, na makala yake ikafutwa. Nyumba yake ya Ukunda ilipangishwa, yeye akaenda zake bara. Jumwa alifika kwa Mwanafatuma mchana kweupe, akiongozana na wanawake wote waliohama mkeka siku ile, akamwomba msamaha mbele yao, naye akampa. Cynthia alisema kampuni iko tayari kuanza upya, mkataba uwe na Gazi yenyewe, na mradi ulimrudisha Mwanafatuma kazini na jina lake likaandikwa. Palibaki jambo moja tu, kuchota tope.

Aliwaongoza Kwa Dzombo kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe. Katika muda wote ule hakuthubutu kupakanyaga, akihofia Muzammil asije akamfuata kwa siri. Walipotokea kwenye ukingo alisimama, akadhani amepotea. Mvua za masika, ambazo mwaka ule zilivunja hata madaraja, zilikuwa zimeubomoa ukingo wa juu na kuushusha mchanga wote kwenye ule mkono wa maji. Mkandaa mzee ulikuwa umesimama mkavu, hauna jani, mizizi yake imefukiwa na mchanga mweupe mpaka magotini. Maji hayakuwa yakifika tena.

Walichimba. Walichukua vichupa arobaini, wakachukua mia moja, wakapanua mzunguko wakachukua mia mbili na kumi. Hesbon na Mwanafatuma walifanya kazi mpaka macho yakawauma. Kijivu kilitokea mara tisa, kimya, bila duara. Njano haikutokea hata mara moja. Kampuni ilingoja miezi sita, kisha Cynthia akaandika barua ya adabu, akashukuru.

Jumwa hakumhama tena mkekani, lakini siku moja, walipokuwa wakirudi kutoka mikokoni na vichupa vyao, alimuuliza kama tope lile lilikuwa hai bado siku Hesbon alipompigia simu.

"Lilikuwa hai. Masika yalikuwa hayajafika."

"Na ungemwambia Hesbon, wangeipata hiyo Njano?"

"Wangeipata siku ileile."

"Mbona hukumwambia?"

"Hesbon angemwambia Muzammil," Mwanafatuma alijibu. "Na Muzammil angepona."

Jumwa alihamishia vichupa vyake mkono wa pili. Kisha akasema mpwa wake Jefwa, mfugaji wa huko Kinango, amelazwa hospitalini, na juzi amekatwa mguu kwa kidonda kilichokataa dawa.

Ijumaa ile Mwanafatuma alinunua machungwa, akaenda wodini. Hakuwa ameingia pale tangu siku ya Zahoro. Jefwa alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mrefu, shuka limelala bapa pale ulipotakiwa kuwa mguu wake wa kulia. Alimkaribisha kwa heshima, akamshukuru kwa kuja ingawa hawajuani. Mwanafatuma alivuta kiti, akaanza kumenya chungwa. Alijua dawa huchukua miaka mingi kutoka kwenye kisahani hadi kwenye sindano, na kwamba tope la Kwa Dzombo lisingeuokoa mguu wa mtu huyu. Alijua pia kwamba wapo watu ambao miguu yao leo ni mizima.

Jefwa alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajikuta anamsimulia yote, tangu daraja mpaka mchanga, hakuficha hata kuhesabu siku alikohesabu alipoiona damu ya kiganja. Jefwa alisikiliza hadi mwisho akila chungwa lake.

"Na huyo bwana, umemsamehe?"

"Hapana."

"Mimi nilichomwa na pembe ya fahali wangu mwenyewe," Jefwa alisema. "Nilipoambiwa mguu unakatwa, niliagiza nyumbani achinjwe siku hiyohiyo. Nilisema niletewe nyama yake hapa, niile nikiwa nimelala. Wakaniletea, imepikwa vizuri."

"Ukaila?"

"Haikupita kooni."

Mwanafatuma alimmenyea chungwa la pili, akalitenga vipande vipande kwenye sahani, akakaa naye mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.